Implanti ya Uswisi ao ya Korea? Jibu kwa papa wa gego la chini

Papa, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuandika kila kitu wazi, ju watu wengi wananiulizaga tu "docta, marke gani njo mzuri?" bila kusema hata ni jino gani. Niliweke hapa kwa ufupi ili na wengine wafuate. Uko na miaka 54, nyumba iko Lubumbashi lakini kazi iko Kolwezi, fundi wa pompi kwenye mgodi. Gego la chini upande wa kulia, lile kubwa la kwanza, lilingolewa miaka mbili iliyopita. Meno ya jirani mazima. Sukari iko, unakunywa metformini, sigara hapana. Umepita kwa madaktari watatu: wa kwanza anataka kukuwekea Straumann ya Uswisi (implanti, ile skrubu inayoingia mfupani kushikilia jino la bandia), wa pili Osstem ya Korea kwa bei karibu nusu ya ile, wa tatu anasema tu ni "implanti ya Ulaya", jina hataji, bei ya chini kabisa na kuroni, lile jino la bandia la juu, imo ndani. Na mdogo wako wa Dubai anakusukuma uende Istanbul. Unauliza uchague ipi.

Nakujibu kwanza, maelezo yatafuata. Straumann na Osstem zote mbili ni implanti za kweli, na yoyote kati ya hizo inaweza kukufikisha uzeeni. Ile ya tatu uiache, isipokuwa daktari akuandikie jina na namba yake kwenye karatasi. Na kati ya hizo mbili za kwanza, kwa gego moja la chini lenye mfupa wa kutosha, mimi ningechukua ile ambayo daktari wake iko na vipande vyote hapa mjini na anaiweka kila mara, hata kama ni ya Korea, na yale makuta yanayobaki ningeyaweka kwenye radio ya 3D (picha ya mfupa pande zote), kutunza ufizi na kuroni nzuri. Sasa nieleze sababu, ju najua wewe ni mtu wa mashine na hutakubali neno tupu.

Implanti si jino, watu wanachanganyaga hapo. Kuna vipande vitatu. Kuna skrubu ya titani inayoingia ndani ya mfupa, hiyo njo implanti yenyewe, kwa gego mara nyingi unene wake ni kati ya milimita 4 na 5 na urefu karibu 10. Juu yake kuna kipande cha katikati, sisi tunaita pilie, kinafungwa kwenye implanti na skrubu ndogo sana. Halafu juu ya pilie njo kuna kuroni, ile unaona mdomoni na unatafunia. Marke unayosikia ni ya kile kipande cha chini, lakini shida nyingi ninazoziona zinaanziaga kwenye hivi viwili vya juu, skrubu ndogo inalegea, kuroni inavunjika, pilie haikai vizuri, na pale njo marke inaanza kuwa na maana ambayo matangazo hayakuambiagi.

Sehemu ya chini kwanza. Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, akashangaa vile titani ilivyoshikana na mfupa mpaka haitoki tena. Mwaka 1965 akaweka implanti zake kwa mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na huyo mzee alikaa nazo mpaka alipokufa mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Zile implanti zilikuwa laini, zimechongwa tu kwenye mashine, hazina hata nusu ya ufundi wa leo. Mimi nakumbukaga hiyo kila mara mtu anapokuja na wasiwasi kwamba bila marke ya bei kubwa jino litaanguka. Titani safi ndani ya mfupa mzuri, imewekwa na mkono unaojua, inashika.

Tangu pale kampuni zimeshindana zaidi kwenye uso wa implanti. Leo karibu zote kubwa zinaikwaruza, zinaipiga mchanga halafu zinailoweka ndani ya asidi ili mfupa upate pa kushika. Straumann njo iliyofanya njia hiyo ijulikane miaka ya 1990, inaitwa SLA, na Osstem iko na ya kwake inaitwa SA, kazi ni ile ile ya mchanga na asidi. Nobel Biocare wanapitisha umeme ndani ya maji ya dawa mpaka titani inaota ngozi nzito, wanaita TiUnite. Halafu Straumann mwaka 2005 wakatoa SLActive, inakaa ndani ya chumvi ya maji mpaka dakika ya kuiweka, inavuta damu haraka, na kampuni inasema mfupa unaunga ndani ya wiki 3 hadi 4 badala ya 6 hadi 8. Osstem nao wako na implanti ya namna hiyo ya majimaji, wanaita CA. Kwa hiyo usidhani Korea wanauza vitu vya zamani. Osstem ilianza 1997 na leo iko kati ya kampuni zinazouza implanti nyingi zaidi duniani, inapita na Marekani kwa jina la Hiossen.

Je, kuna marke iliyoshinda zingine? Mwaka 2014 Cochrane, kikundi kinachokusanya majaribio ya dawa na matibabu, walitazama majaribio 27 yaliyolinganisha aina 38 za implanti, wagonjwa wakafuatwa kati ya mwaka 1 na miaka 10. Hawakupata ushahidi kwamba aina moja inadumu kuliko nyingine. Kitu kidogo walichoona, na ushahidi wake wenyewe haukuwa na nguvu sana, ni kwamba zile laini hazipotezi mfupa sana kama zile za kukwaruzwa wakati ugonjwa wa ufizi ukiingia, na hiyo ina maana ju ngozi iliyokwaruzwa ikishaonekana nje ya mfupa uchafu nao unashika vizuri pale. Ukitazama utafiti mwingi kwa pamoja, implanti karibu 95 kwa 100 zinakuwa bado mdomoni baada ya miaka 10. Lakini angalia vizuri hapa: hizo hesabu ni za marke zilizofanyiwa utafiti. Implanti isiyo na jina haiko ndani ya hiyo 95. Hakuna anayejua iko wapi.

Nije kwenye neno "ya Ulaya", ju linatumiwa sana hapa kwetu na linanikasirisha. Straumann ni ya Basel, Uswisi, kweli. Lakini Straumann hao hao wako na Neodent, inatengenezwa Curitiba, Brazil, na wako na Anthogyr ya Sallanches, Ufaransa, zote mbili kwa bei ya chini kuliko Straumann yenyewe. Nobel Biocare ilizaliwa Sweden kwenye kazi ya Brånemark, leo iko chini ya Envista ya Marekani, na chini ya Nobel kuna Alpha-Bio ya Israeli. MIS ya Israeli iko chini ya Dentsply Sirona, wenye Astra Tech na Ankylos. Sasa mtu akikuambia "ya Ulaya", amekuambia nini? Hakuna kitu. Inaweza kuwa Anthogyr, nzuri kabisa, na inaweza kuwa kitu kilichopita njia isiyojulikana kikafika mpakani Kasumbalesa ndani ya begi la mtu. Daktari anayeficha jina la kitu atakachokifunga ndani ya mfupa wako, hata kama mikono yake ni mizuri, anakunyima haki yako.

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho. Mama mmoja alikuja kutoka Likasi, kuroni ya juu ya implanti inacheza, aliwekewa nchi nyingine na hana karatasi hata moja. Nikapiga radio: implanti imeshika vizuri sana, mfupa mpaka juu, hakuna usaha, hakuna weusi pembeni. Shida ni ile skrubu ndogo tu imelegea. Kazi ya nusu saa, ungesema. Lakini kuroni ilikuwa imegandishwa na simenti, kwa hiyo ilibidi kuitoboa katikati ili kufikia skrubu, na nilipoifikia, bisibisi ya pembe sita ya milimita 1.2 inazunguka bure, ile ya 1.27 inaingia lakini kichwa kimeshalika. Skrubu ikatoka kwa taabu. Sasa tuweke skrubu gani mpya? Hatujui marke. Nikatuma ile radio kwa wenzangu wa hapa na wa Kinshasa, tukalinganisha umbo la shingo na mizunguko na picha za kampuni mbalimbali, zilibaki tatu zinazofanana na hakuna hata moja iliyoingia sawasawa. Mwishoni tukafunga ufizi juu yake. Implanti nzima, yenye afya, iko inalala ndani ya taya ya yule mama ju hakuna skrubu ya kuifunga. Alilipa kila kitu, na anatafunia upande mwingine.

Wewe unaelewa hii kuliko mtu yeyote, ju ndiyo kazi yako, pompi ikisimama hamuangaliagi kwanza ilitoka nchi gani, mnauliza kama kipande chake kiko depo. Njo hivyo hivyo.

Ndani ya implanti kuna tundu, na umbo la tundu hilo linatofautiana marke kwa marke. Zile za kwanza za Brånemark pembe sita ilikuwa nje, juu ya implanti, na skrubu ilikuwa inabeba mzigo wote, njo maana zilikuwa zinalegea sana kwa jino moja peke yake. Leo nyingi ni tundu la ndani lenye umbo la koni, pilie inaingia na kubana pembeni. Osstem TS na Astra Tech wako na koni ya digrii 11, Straumann wako na za kwao. Kwa gego, mahali unapobana kwa nguvu, koni ni nzuri zaidi, na Straumann na Osstem zote wanakupa hiyo. Skrubu ndogo inafungwa na ufunguo wa kupimia nguvu, mara nyingi kati ya 30 na 35 Ncm, yaani 0.30 hadi 0.35 Nm tu, kwa pompi zako hiyo si kitu, lakini ikipungua skrubu inalegea na ikizidi inakatika. Kila kampuni inaandika namba yake. Na bisibisi zinatofautiana: Osstem pembe sita, Straumann kama nyota, Nobel wako na ya kwao Unigrip. Daktari asiyekuwa na bisibisi ya marke yako hawezi kukusaidia hata kama ni profesa.

Hapa kuna kitu nataka ukisome mara mbili ju madaktari hatukisemagi mbele ya mgonjwa. Vipande vya kopi. Kuna viwanda vinatengeneza pilie na skrubu "zinazolingana" na marke kubwa, kwa bei ndogo sana. Vingine ni vizuri, vingine haviingii sawasawa, vinaacha nafasi ndogo ambayo jicho haliwezi kuona lakini vijidudu vinaingia, na pilie inatikisika kidogo kidogo mpaka skrubu inachoka. Na marke inayovutia kopi zaidi ni ile yenye vipande vya bei kubwa. Kwa hiyo inatokea mtu analipa Straumann, implanti ni Straumann kweli, halafu laboratwari inaweka pilie ya kopi ju ya kupunguza gharama, na mgonjwa hajui. Kwa maoni yangu implanti ya Uswisi na pilie ya kopi ni mbaya kuliko ya Korea na pilie yake ya kampuni. Muulize daktari wa kwanza swali hilo waziwazi: "Docta, pilie na skrubu ni za Straumann wenyewe?" Na kama bei aliyokupa ni pamoja na hizo, iandikwe kwenye fakitire, kipande kwa kipande.

Omba pia kuroni yako ifungwe na skrubu, isigandishwe na simenti. Kwa gego inawezekana karibu kila mara. Itakuwa na tundu dogo juu linalozibwa na resini, si kitu, hakuna anayeliona, lakini siku skrubu ikilegea daktari anafungua kwa dakika chache badala ya kukata kuroni. Na simenti inayobaki chini ya ufizi inaletaga uvimbe na kula mfupa, nimeitoa mara nyingi kwa watu waliodhani implanti "imekataliwa na mwili".

Karatasi. Implanti ya kampuni inayojulikana inakuja ndani ya kichupa kilichofungwa, juu ya boksi kuna etiketi za kubandua. Omba boksi lifunguliwe mbele yako, wala si matusi, daktari mzuri anafurahi. Angalia jina la kampuni, neno REF na namba ya aina, neno LOT na namba ya mafungu, alama ya saa ya mchanga na tarehe ya mwisho, unene na urefu, namba 2 iliyopigwa mstari yaani isitumiwe mara ya pili, na herufi CE, alama ya kibali cha Ulaya, zenye namba nne pembeni. CE tupu bila namba, uliza. Etiketi moja inabaki kwenye faili ya daktari, nyingine inabandikwa kwenye karatasi yako, piga picha kwenye simu, mtumie na mama wa nyumbani aihifadhi, ju simu zinapotea. Siku ikiwa uko Kolwezi, Ndola ao Dubai kwa mdogo wako, daktari yeyote akiona ile etiketi anajua atafute nini.

Na usidanganyike sana na "garanti ya maisha". Kampuni kubwa zinatoa garanti kweli, lakini kwa kawaida ni kwa daktari: implanti ikishindwa wanampa nyingine. Kazi ya kuitoa, kungoja mfupa upone, kuiweka tena, kuroni mpya, hiyo garanti haigusi. Muulize kila daktari garanti YAKE ni nini, yeye mwenyewe, implanti ikitoka kabla ya mwaka.

Nimesema marke isiyo na jina ikae mbali, nimesema vipande vipatikane. Kitu cha tatu ni mkono na vyombo. Mfupa ukichomwa unakufa, tangu 1983 inajulikana kwamba ukifikia digrii 47 kwa dakika moja tu, mfupa unaumia na implanti haitashika vizuri. Njo maana tunatoboa polepole, na foreti kali, maji ya chumvi ya baridi yakimwagika muda wote. Kila marke iko na seti yake ya foreti zinazolingana na umbo la implanti yake. Daktari anayeweka marke moja kila wiki anajua foreti zake, anajua mfupa mgumu wa taya ya chini unataka ya mwisho ipite ao isipite, na anazibadilisha zikichoka. Anayenunua implanti moja moja ya marke tofauti kwa kila mgonjwa, na anatoboa na foreti za seti nyingine, huyo hata na Straumann sitamtumia ndugu yangu. Uliza pia kuhusu umeme, tunajua vile SNEL inavyokata: kuna jenereta ao betri ikikatika katikati, na vyombo vinachemshwa ndani ya otoklavi kweli? Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Sasa sukari, na hapa njo ningependa uweke akili zaidi kuliko kwenye marke. Metformini hainiogopeshi. Kinachoniogopesha ni sukari isiyopimwa. Kabla ya kulipa kitu chochote fanya kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi tatu, emoglobini glike. Ikiwa chini ya 7, twende. Kati ya 7 na 8, tunaweza kuendelea kwa uangalifu. Ikipita 8 mimi nangojaga, tunamrudisha mgonjwa kwa daktari wake wa sukari kwanza, ju kidonda kitachelewa kupona na ufizi utashambuliwa. Hapo njo mahali pekee ambapo naweza kuelewa daktari wa kwanza akisema anataka SLActive, inayoshika haraka. Ni sababu ya kweli, si biashara tu. Lakini haibadilishi sukari mbaya kuwa nzuri. Vilevile akikutajia Roxolid, ile titani waliyochanganya na zirkoni tangu 2009, ujue faida yake kubwa ni kuwa na nguvu kwenye implanti nyembamba, za milimita 3.3. Pengo lako la gego linapokea nene kwa kawaida, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili hiyo peke yake.

Ufizi pia. Hukuandika kwa nini lile gego lilingolewa. Kama lilioza, sawa. Kama lilikuwa linacheza, ufizi unatoka damu, basi ule ugonjwa bado uko kwenye meno mengine na utaifuata implanti. Kusafisha ukoga kwanza, mpaka chini ya ufizi, halafu tunangoja tuone. Daktari aliyetaka kuweka implanti bila hata kukuangalia ufizi, marke yoyote aliyokutajia, mwekee alama ya kuuliza.

Na radio ya 3D, konbimu, usikubali kufanyiwa na ile panoramiki, radio bapa ya meno yote, peke yake kwa gego la chini. Ndani ya taya ya chini kunapita mshipa wa fahamu, na tunataka kubaki angalau milimita 2 juu yake. Ukiguswa, mdomo wa chini unakufa ganzi, kwa wengine haurudi. Miaka mbili tangu ling'olewe mfupa umeshapungua upana, panoramiki haionyeshi upana, 3D inaonyesha. Makuta ya kipimo hiki usiyaonee huruma.

Istanbul: sina neno baya na madaktari wa kule, kuna wazuri sana na wanatumia marke zile zile. Shida ni kalenda. Implanti leo, kuroni baada ya miezi kama tatu, safari mbili, hoteli mbili, na ukipata uvimbe siku ya kumi utakuwa umesharudi Kolwezi. Anayekuahidi kila kitu kwa safari moja ya siku tano kwa gego, na wewe una sukari, anaharakisha kwa faida yake. Kwa jino moja sioni hesabu inavyotoka. Ukienda hata hivyo, chagua marke ambayo daktari wa hapa Lubumbashi ameshakuambia anayo, kisha rudi na etiketi na faili ya radio kwenye simu.

Najua kuna mtu atauliza, brigi je, lile jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani? Kwa wewe hapana, ju itabidi kuchonga meno mawili mazima. Meno ya kuvaa na kuvua ni ya bei ndogo, ukikosa makuta si aibu, lakini kwa gego moja wengi wanaishia kuyaweka kwenye glasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii kipimo cha sukari. Ukishuka kutoka Kolwezi, radio ya 3D, ichukue kwenye USB iwe yako. Halafu rudi kwa wa kwanza na wa pili na hiyo USB, umuulize kila mmoja: anaweka marke hii tangu lini, bisibisi na vipande viko hapa mjini ao vinaagizwa, pilie ni ya kampuni, kuroni itafungwa na skrubu, na nani atanishughulikia yeye asipokuwepo. Wa pili akijibu vizuri, chukua Osstem na moyo mweupe. Akisitasita kwenye vipande, na wa kwanza iko na seti kamili ya Straumann na laboratwari inayomnunulia pilie za kweli, lipa ile tofauti, haitakuwa imepotea.

Weka siku ya upasuaji mwanzoni mwa mapumziko yako, usipande gari ya Kolwezi kesho yake, ile barabara na vumbi na mtikisiko si za mdomo wenye nyuzi. Siku za kwanza bukari iwe laini na imepoa, sombe na samaki bila mifupa, karanga na mahindi ya kuchoma uziache, tafunia kushoto. Metformini usiikatize bila daktari wako wa sukari kusema. Na kila miezi sita, hata kama hakuna kinachouma, upite tupime ufizi kuzunguka implanti, ju mfupa ukianza kuliwa pale haumi mpaka umechelewa.

Ukipata ile radio, niandikie urefu na upana wa mfupa juu ya mshipa, daktari wa radio atakuwa ameandika kwa milimita, pamoja na matokeo ya sukari, nitakuambia kama ni ya moja kwa moja ao tunahitaji kuongeza mfupa kwanza, ju hiyo inabadilisha bei na miezi ya kungoja kwa marke zote mbili.